Kurithi Duka la Fremu za Picha: Habari za Mbarara na Nakivale

Miongoni mwa kazi za mkono zinazofanyika katika miji yetu midogo, ipo moja ambayo waandishi wa tarehe hawajaipa haki yake, nayo ni kazi ya kutia picha katika fremu. Seremala wa milango na vitanda hutajwa, fundi cherehani hutajwa, na mhunzi ana visa vyake tangu enzi za kale. Lakini yule anayekata vipande vinne vya mbao, akavikutanisha pembe kwa pembe, akaweka kioo mbele na ubao mwembamba nyuma, na katikati akaihifadhi sura ya mzazi wa mtu aliyekwisha kufariki, aghalabu huondoka duniani bila ya jina lake kuandikwa popote isipokuwa katika stakabadhi. Hata hivyo, mtu atakaye kujua jinsi mji wa Mbarara, ulioko kusini magharibi mwa Uganda, ulivyopanda na kushuka katika muda wa karne moja na zaidi, na jinsi makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalivyopata kuwa mji bila ya kuitwa mji, aweza kuanza uchunguzi wake katika duka la fremu, akauliza: duka hili limetoka katika mkono gani, limeingia katika mkono gani, na kwa njia gani?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Duka la sukari na chumvi likibadili mwenyewe, mnunuzi hana hasara kubwa, maana kila kilichomo rafuni ni mali ya mwenye duka, na sukari ya huyu haina tofauti na sukari ya yule. Duka la fremu halina hali hiyo. Sehemu kubwa ya vitu vilivyomo ndani yake ni mali ya watu wengine: hati za ndoa, vyeti vya ubatizo, shahada za chuo, aya za Kurani zilizoandikwa kwa hati nzuri, na picha ambazo pengine ndizo pekee zilizosalia za baba, za mama, au za mtoto aliyefia utotoni. Vitu hivyo havina bei sokoni, na vikipotea hakuna fedha iwezayo kuvirudisha. Kwa hiyo anayelichukua duka la fremu huchukua pamoja nalo amana za watu, na historia ya nchi hii imetuonyesha kwa mifano michungu kwamba funguo zaweza kukabidhiwa kwa amri ya siku moja, ilhali ujuzi na amana havikabidhiwi kwa amri.

Ada ya kutundika taswira ukutani iliingia bara kwa njia mbili, ya kwanza ikiwa ya wamisionari na sanamu zao takatifu, na ya pili ikiwa ya wafanyabiashara waliotoka pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, kuta zilikuwa na adabu yake zamani kabla ya kamera, kwa zidaka zilizojaa sahani za kauri na vioo vya ng'ambo. Na kamera ilipofika, ukuta uliopambwa kwa kauri haukuona taabu kuipokea picha. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Mgoa A. C. Gomes alifungua studio yake Unguja, na picha zilizotoka humo zilienea mbali. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akaanzisha Capital Art Studio mjini Zanzibar, studio iliyopiga picha za masultani na watu wa kawaida, kisha mapinduzi ya 1964 na viongozi wake, na ambayo haikufa kwa kifo cha mwanzilishi wake, kwa kuwa mwanawe aliirithi na kuendelea kuwaonyesha wageni negativu za babake. Kule Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifunza upigaji picha kwa juhudi zake mwenyewe, alizichukua sura za watu akazizungushia maua na mapambo katika chumba cha giza, hata picha ikatoka imekwisha kupata fremu yake ya wino kabla ya kupata ile ya mbao. Watu hawa wa pwani waliifahamu hekima ambayo mafundi wa bara waliirithi baadaye, kwamba picha iliyoachwa uchi hunyauka, na kwamba kuizungushia mpaka ni kuipa heshima.

Mbarara, kwa upande wake, ilianza kama boma la Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, na Mapatano ya Ankole yalipotiwa saini mwaka 1901, ikawa makao makuu ya utawala wa Ankole, na kasri ya Omugabe, yaani mfalme wa Ankole, ikawa pale kilimani Kamukuzi. Mwaka huo huo wa 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu, na bidhaa zikaanza kuvuka ziwa kuingia Uganda kwa wingi ambao haukupata kuonekana. Wahindi wafanyabiashara wakafuata, wakajenga maduka yao ya mabati kando ya barabara kuu, na mpaka leo Makhan Singh Street ni jina la njia mojawapo ya Mbarara, nalo limedumu ingawa mengi yalipinduliwa. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, safari ya kioo, ambacho ni adui wa kila barabara mbovu, ilipungua hatari. Lakini kutoka Kampala kupita Masaka hadi Mbarara kilibaki chombo cha kupakiwa kwa uangalifu katika malori, na kila kipande kilichofika kizima kilikuwa na thamani.

Katika mji mdogo kama huu duka la fremu halikuwa duka la peke yake. Aghalabu lilikuwa pembe moja ya studio ya picha, au upande mmoja wa duka la vioo na vifaa vya ujenzi, au benchi moja katika karakana ya seremala. Wateja walikuwa tayari. Wakatoliki wa Nyamitanga walitaka Moyo Mtakatifu wa Yesu na Bikira Maria, na baada ya Mashahidi wa Uganda kutangazwa watakatifu mjini Roma mwaka 1964, walitaka picha za mashahidi hao ukutani. Waprotestanti wa Ruharo walitaka picha za harusi na za maaskofu wao. Shule zilitaka picha za madarasa, kwani Mbarara High School ilikuwapo tangu 1911 na Ntare School ikafunguliwa mwaka 1956, na picha ya wanafunzi waliojipanga kwa safu mbele ya jengo ni sehemu ya kiburi cha kila shule. Nao Wanyankole wenye mali walitaka sura ya Omugabe, na baadaye, ufalme ulipofutwa mwaka 1967, sura hiyo ya Gasiyonga wa Pili ilihamia kutoka katika ofisi hadi katika nyumba za watu binafsi, ambako fremu yake ikawa aina ya uaminifu.

Katika mji huo huo aliishi Musa Katuramu, aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 1983, mwalimu wa useremala aliyeshika kamera tangu miaka ya 1930, akawapiga picha majirani, jamaa, wakuu na wapita njia wa Ankole. Katika mtu mmoja zilikutana kazi mbili ambazo fremu huziunganisha, kazi ya mbao na kazi ya picha. Alipofariki, negativu zake zilikaa katika mikono ya familia yake kwa miaka mingi, mpaka mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011, ulipoanza kuzinakili na kuzionyesha, na Andrea Stultiens wa Uholanzi akazitolea kitabu katika mfululizo uitwao *Ebifananyi*. Negativu ni vitu vyepesi, huungua, huota ukungu, na watoto huvichezea. Kuvilinda kwa muda wa kizazi kizima bila ya kuahidiwa faida yoyote ni mfano bora wa kurithi ninaoufahamu katika habari zote za mji ule, na ninauandika hapa kwa heshima.

Inafaa tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, maana bila hivyo msomaji hatafahamu ni kitu gani hasa kinachorithiwa. Fundi huanza na ubao mrefu mwembamba uliokwisha kupigwa randa, wenye mfereji mdogo uliochongwa upande wa nyuma, ambamo kioo na picha vitaketi. Huukata kwa msumeno wa meno madogo ndani ya kisanduku chenye mianya iliyopimwa nyuzi 45, ili vipande viwili vikikutana vifanye pembe mraba. Fremu moja ina mikato minane. Na kila mkato ukipotoka kwa nusu ya nyuzi tu, kiasi ambacho jicho la mgeni haliwezi kukiona, makosa hayo hujumlishana yakawa nyuzi 4, hata pembe tatu zikikaza, ya nne hubaki na ufa unaopitisha ukucha. Ndiyo maana fundi mzoefu, kabla ya gundi kukauka, hupima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe, huku na huku, na vipimo viwili visipolingana huisukuma fremu kwa kiganja mpaka vilingane.

Kisha huja kioo, nacho hufutwa pande zote mbili, maana alama ya kidole iliyobaki ndani itamtazama mwenye picha miaka yote. Kati ya kioo na picha fundi mwema huweka pambizo ya karatasi nene, na mteja asiyejua hudhani kuwa ni pambo la kuongeza bei, kumbe ni kinga: uso wa picha ya zamani una utando wa jelatini, ambao ukipata unyevu hulainika na kushikamana na kioo, na picha iliyogandamana hivyo ikivutwa kwa nguvu, sura huondoka katika karatasi na kubaki kwenye kioo vipande vipande. Nyuma huwekwa hadibodi, ikafuatiwa na misumari midogo iliyolazwa ubavu, na mwisho karatasi iliyopakwa gundi ili kuziba njia ya vumbi na wadudu. Mambo haya hayafundishwi kwa kitabu. Kijana huingia dukani kama mwanagenzi, akafagia maranda na vumbi, akashika upande wa pili wa ubao, akavunja vioo vichache na kukaripiwa, hata siku moja bwana wake akamwachia msumeno. Hivyo ndivyo ujuzi ulivyohama, polepole na bila ya hati, kutoka mbele ya duka hadi nyuma ya duka, kutoka kwa mwenye rasilimali hadi kwa mwenye mikono.

Uhamisho huo wa taratibu ulikuwa bado unaendelea pale Idi Amin, aliyetwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, alipotangaza mwanzoni mwa Agosti 1972 kwamba Waasia wa Uganda wapewe siku 90 waondoke. Jambo hilo aliliita Vita vya Uchumi. Mbarara ilipatwa na vita vingine ndani ya vita hivyo, kwani tarehe 17 Septemba mwaka huo wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka kutoka Tanzania wakashambulia kambi ya jeshi ya Simba, wakashindwa, na kisasi kilichofuata kiliwaangukia wakuu wa Ankole, akiwamo Nekemia Bananuka, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Ankole, ambaye barabara moja ya mji huo imepewa jina lake. Mpaka tarehe 8 Novemba Waasia wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, na maduka yao yakabaki na milango iliyofungwa kwa makufuli.

Maduka hayo yaligawanywa na kamati zilizopita mitaani, na waliogawiwa walikuwa askari, makarani, jamaa zao, na wengine wenye bahati, ambao wananchi waliwapa jina la mafuta mingi. Sina nia ya kuwatukana wote, maana miongoni mwao walikuwamo watu waliotamani kwa dhati kuona Mwafrika akisimama nyuma ya kaunta ya duka lake mwenyewe, na tamaa hiyo ilikuwa ya haki. Lakini haki iliyotafutwa kwa njia ya unyang'anyi ilileta matunda ya unyang'anyi. Mtu aliyegawiwa duka la vioo na fremu alipokea mbao zilizokwisha kukatwa, vioo vilivyokwisha kuagizwa, na misumari katika makopo. Akaviuza vyote, na vilipokwisha hakujua pa kuagiza vingine, wala fedha za kigeni hazikupatikana, mpaka nchi nzima ikaingia katika magendo. Na mteja aliyeacha picha ya marehemu mamake kwa fundi aliyefukuzwa angemwuliza nani, ikiwa daftari limetupwa na mwenye duka mpya hajui kuwa karatasi zile zilizopangwa rafuni ni nyuso za watu? Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na wala hawakusema kuwa mali hiyo sharti iwe ya fedha.

Hapo ndipo tunapoona kuwa duka laweza kufa na kazi ikaendelea kuishi. Vijana wa nyuma ya duka, waliojua nyuzi 45 kwa mkono hata kama hawakuzijua kwa hesabu, walichukua misumeno yao wakakaa chini ya vibaraza na miti, na wateja wakawafuata huko. Anayefukuzwa huitoa picha katika fremu akaondoka nayo, kwa sababu picha hubebeka na kioo hakibebeki. Mhindi wa Mbarara alifanya hivyo mwaka 1972, na Mkongo aliyevuka mpaka wa Bunagana miaka mingi baadaye akafanya vilevile. Fremu ni alama ya mtu aliyetulia. Hakuna aagizaye fremu isipokuwa anaamini kwamba kesho ataamka mahali alipolala.

Imani hiyo ilijaribiwa mjini Mbarara mara nyingi. Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, yakaua na kuharibu, majeshi ya Tanzania yaliyojibu yaliingia Mbarara mwishoni mwa Februari 1979, na sehemu kubwa ya majengo ya katikati ya mji ikavunjwa kwa baruti. Kuta zilizotundikwa picha zilianguka pamoja na picha hizo. Ikafuata zamu ya picha za watawala, ambazo ni ada ya nchi kuzitundika katika kila ofisi na duka: aliondolewa Amin, akaja Yusuf Lule aliyetawala siku 68 tu, akaja Godfrey Binaisa, ikaja tume ya kijeshi ya mwaka 1980, akarudi Obote, akaja Tito Okello mwaka 1985, na mwezi wa Januari 1986 akaingia Yoweri Museveni. Fremu ya ofisini ilifunguliwa nyuma, misumari ikainuliwa kwa ncha ya kisu, sura moja ikatoka na nyingine ikaingia, na ubao ukabaki ule ule.

Sheria ya kurudisha mali zilizotwaliwa ilitungwa mwaka 1982, lakini wengi wa waliofukuzwa, au warithi wao, walirudishiwa majengo yao katika miaka ya 1990. Hivyo majengo mengi ya Mbarara yamebadili mikono mara tatu katika umri wa mtu mmoja: kutoka kwa aliyejenga, hadi kwa aliyegawiwa, hadi kwa aliyerudi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilipofunguliwa hapo mwaka 1989, wateja wapya walipatikana, kwa kuwa kila mahafali huleta mamia ya majoho na kofia, na hakuna mzazi aliyeuza ng'ombe kumsomesha mwanawe asiyetaka kuiona picha ya siku hiyo juu ya kiti chake. Mbao za kupaka rangi kwa mkono zilipata mshindani, yaani fito za plastiki zenye rangi ya dhahabu kutoka China, ambazo hukatwa kwa nyuzi zile zile 45. Na mji, uliopandishwa kuwa jiji mwezi wa Julai 2020, leo una mafundi ambao hawajui kabisa kuwa kazi yao ilipata kupita katika mikono iliyofukuzwa.

Sasa tugeukie Nakivale. Makazi haya, yaliyo katika wilaya ya Isingiro iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005, yalianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakikimbia machafuko ya kwao. Yana eneo la kilomita za mraba zipatazo 185 kando ya ziwa Nakivale, na yamegawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Mwezi wa Oktoba 1982, wakati wa utawala wa pili wa Obote, Wanyarwanda waliokuwa wamekwisha kukaa Ankole kwa miaka mingi walifukuzwa katika mashamba yao, wengine wakavuka kuingia Rwanda, wengine wakarudishwa katika makazi haya. Wengi wao wakarejea kwao baada ya 1994. Mahali pao wakaja Wakongo waliokimbia vita vya miaka ya 1990 na vilivyofuata, Wasomali, Wahabeshi, Waeritrea, na Warundi wa mwaka 2015, hata idadi ya watu ikapita laki moja, na Kiswahili kikawa lugha ambayo Mfulero wa Kongo na Mrundi hukutania sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imewaruhusu kufanya kazi, kufanya biashara na kusafiri, na kwa ruhusa hiyo yamezaliwa maduka, mashine za kusaga, vinyozi, studio za picha, na meza za mafundi wa fremu.

Wakongo walikuja na ada yao kamili. Katika miji ya Kongo sebule isiyo na kadre, yaani fremu ya picha, ukutani huonekana haina mwenyewe, na kule Lubumbashi miaka ya 1970 wachoraji walijaza sebule za wafanyakazi wa migodi kwa michoro ya ukumbusho iliyochorwa juu ya magunia ya unga yaliyowambwa katika mbao. Mashuhuri wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 tarehe nzima ya nchi yake katika michoro zaidi ya mia moja, akaieleza kwa Kiswahili kwa mwanazuoni Johannes Fabian. Watu wenye ada kama hiyo, wakipewa kiwanja na karatasi za plastiki na kuambiwa wajenge, hawatakawia kuuliza picha itundikwe wapi.

Na swali hilo si dogo kwa fundi. Ukuta wa udongo haushiki msumari. Ukipigwa nyundo hubomoka, kwa hiyo kwanza hupigiliwa kigingi cha mti mkavu wakati udongo ungali mbichi, au kamba hushushwa kutoka katika boriti ya paa. Mchwa hula hadibodi kuanzia nyuma, kimya, hata siku moja picha ikaanguka ndani ya kioo chake. Kwa hiyo fundi mwenye busara humwambia mteja aache nafasi ya kidole kati ya fremu na ukuta. Moshi wa kuni huleta weusi, na mvua inayopita chini ya bati huleta unyevu. Kioo, mbao laini na fito za plastiki huletwa kutoka Mbarara, kwa magari yale yale yanayoleta sabuni na nguo, na vinapofika huwa vimegharimu zaidi kuliko mjini. Picha zenyewe sasa zimo katika simu, na simu huibiwa au huanguka majini. Ndiyo sababu watu ambao wana picha elfu mfukoni bado huchagua moja, wakaichapisha, wakaiwekea kioo.

Huku Nakivale duka hubadili mkono kwa njia ya tatu, isiyofanana na urithi wa Katuramu wala na amri ya Amin. Mwenye duka hupata safari: mahojiano, uchunguzi wa afya, kisha tarehe ya ndege kwenda Kanada, Australia au Norway, au, kabla ya mwaka 2025, Marekani, na mara nyingine muda kati ya habari na kuondoka ni mfupi sana. Huliacha duka kwa mdogo wake, au kwa mwanagenzi wake, au humwuzia jirani. Kukabidhiana huku hufanywa kwa haraka lakini hufanywa kwa hiari, na mara nyingi mbele ya mashahidi wawili watatu wa ukoo au wa kanisa. Mwezi wa Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, walikuwapo watu katika makambi mengi ya Afrika Mashariki waliokwisha kuuza vyombo vyao na kukabidhi biashara zao, wakabaki wamekaa juu ya masanduku yaliyofungwa. Je, aliyekabidhiwa duka arudishe funguo? Kwa sheria ya mauzo halazimiki. Kwa adili, nadhani, lazima ampe mwenzake nafasi kwenye benchi, kwa sababu aliyekabidhi alikuwa ametoa ujuzi pamoja na meza, na ujuzi hauna stakabadhi ya mauzo.

Kwa hiyo, kwa yeyote anayekusudia kulichukua duka la fremu, awe Mbarara mjini au Base Camp, tarehe hii ina mafunzo ya kutumika. Kwanza, kabla ya kuhesabu mbao na vioo, azihesabu picha za watu, aziandike moja moja katika daftari jipya, jina la mwenyewe, tarehe aliyoileta, na kilichokwisha kulipwa, na mkabidhi na mkabidhiwa watie saini wote wawili. Pili, asimwache fundi wa zamani aende zake kabla hajakaa naye benchi moja, hata kama ni kwa majuma machache na hata kama ni lazima amlipe, kwa maana kisanduku cha kukatia pembe hakisemi jinsi kinavyotumiwa. Tatu, picha ambayo mwenyewe hakuja kuichukua asiitupe wala asiitoe katika fremu ili aiuze fremu, hata kama mwaka umepita; amtafute kwa majirani, kwa mchungaji, kwa imamu, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwani katika nchi ambayo watu wamefukuzwa mara nyingi hivi, mteja asiyekuja pengine amezuiwa na jambo asilolitaka.

Nayasema haya kwa kuwa nimeona jinsi watu wa mji huu na makazi haya walivyonyang'anywa vingi kwa amri, kwa baruti na kwa mipaka, na jinsi vichache vilivyosalia vilivyosalia kwa sababu mtu fulani, asiye mkubwa, alikataa kukifanya chake kitu alichokabidhiwa. Serikali zaweza kugawa majengo na zaweza kuyarudisha. Uaminifu wa fundi kwa sura ya mtu asiyemjua haugawiwi na kamati yoyote. Hufundishwa dukani, na mzee kwa kijana, na kila duka la fremu linalokabidhiwa vizuri ni shule moja ya uaminifu huo iliyookolewa isifungwe.